Kwa nini gari letu la pili halina pushirodi

Juzi kijana mmoja wa mwaka wa kwanza injinia mekanika kanitumia meseji, ananiuliza dada, gari jipya mbona hamjaweka pushirodi kama lile la kwanza, kwani tumerudi nyuma? Pushirodi ni kirodi kinachosukuma shokapu gurudumu likipanda. Nikaanza kumjibu kwenye simu, jibu likazidi kurefuka, nikaona bora niliandike hapa lote. Wiki tatu nzima timu yetu ilibishana jambo hilo hilo, kuna watu hawakusalimiana siku mbili, na mimi ndo nilikuwa nashikilia upande wa pushirodi kwa nguvu zote mpaka nilipobadilika.

Kwa asiyetujua, sisi ni wanafunzi hapa Kampala, tunajenga gari dogo la mashindano, kiti kimoja, magurudumu yako nje, injini ya pikipiki nyuma ya mgongo wa dereva. Mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, kwa hiyo Kiswahili ndo lugha yangu ya nyumbani, na gereji yetu imejikuta inaongea Kiswahili pia kwa sababu mmoja katoka Arua, mwingine Busia, mwingine Mwanza, na Luganda ya watatu hao bado inatafuta njia. Mwaka 2011 Makerere walipotoa Kiira EV nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikaiona kwenye TV ya jirani, gari la umeme la viti viwili limejengwa hapa hapa na wanafunzi na walimu wao, na toka siku hiyo sijataka kazi nyingine.

Gari tunalijenga kwa kanuni za Formula Student, mashindano ya wanafunzi wanaojijengea magari, ambazo mizizi yake iko Marekani kwenye Formula SAE ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, Uingereza wakaanza ya kwao 1998. Sasa ukisoma kanuni upande wa saspensheni, yaani vyote vinavyoshika magurudumu na kuyaacha yapande na kushuka, utashangaa zilivyo chache. Lazima iwe inafanya kazi kweli mbele na nyuma, iwe na shokapu, gurudumu liweze kupanda na kushuka angalau mm 50 jumla, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma usipungue mm 1525, na upana kati ya magurudumu, wa mbele na wa nyuma, ule mdogo usiwe chini ya asilimia 75 ya ule mkubwa. Basi, mengine yote amua mwenyewe. Uhuru huo ndo uliotugombanisha.

Gari la kwanza tuliamua haraka sana. Tulikuwa tunaangalia picha za magari ya vyuo vya Ujerumani, yote yana wishiboni mbili kila gurudumu, yaani mikono ya chuma yenye umbo la V, moja juu moja chini, na pushirodi, kile kirodi chembamba kinachopanda kimshazari kutoka wishiboni ya chini hadi kwenye roka, kipande kinachozunguka kwenye boliti, juu ya chesisi, ile fremu ya mabomba, roka inazunguka inabana shokapu iliyolala vizuri kabisa juu ya miguu ya dereva. Banange, inapendeza. Tukachora, tukakata, tukachomelea. Siku ya kwanza kulijaribu kwenye kiwanja cha kuegesha magari dereva anarudi anasema mbele ni gumu kama mkokoteni, alafu kona ya pili linakuwa laini, kona ya tatu gumu tena. Tukabadilisha springi, vile vile. Tukabadilisha nyingine, vile vile. Wiki mbili tunahangaika na springi na springi hazikuwa na kosa lolote.

Aliyeona shida ni mzee mmoja wa Katwe, fundi wa kuchomelea, zamani alikuwa mekanika jeshini, Kiswahili chake kile cha kambini kabisa. Nilimpelekea gari atuchomelee mahali palipopasuka. Hakuuliza habari ya springi. Aliegemea pua ya gari kwa mikono miwili, akabonyeza mara tatu nne, macho yake yako kwenye bomba la juu. Akaniambia, "Binti, kuja uone. Shokapu haitembei. Ile bomba ndo inatembea." Nikainama nikaona. Tulikuwa tumechomelea kishikio cha roka katikati ya bomba, mbali na makutano ya mabomba, na boliti imeshikwa upande mmoja tu. Ukibonyeza gari, nguvu yote inakuja kwenye roka, roka inalivuta bomba, bomba linapinda kidogo, shokapu imekaa kimya. Yaani chesisi yetu ndo ilikuwa springi. Akaniuliza swali ambalo nimeliandika kwa chaki ukutani gerejini mpaka leo, "Uzito ukitoka kwa tairi unaenda wapi?"

Nilisema "kwa shokapu". Akasema nifuate kwa kidole. Nikaanza kwenye tairi, habu (kitovu cha gurudumu), nakli (chuma kinachobeba habu), boljointi ya chini (kiungo cha nakli na wishiboni), kirodi, roka, na hapo kwenye roka kidole kikakwama maana roka ina njia mbili, nguvu inaenda kwenye shokapu na pia inaenda kwenye boliti yake ya katikati, na nguvu ya ile boliti ni kubwa, ni ya kirodi na ya shokapu zikijumlishwa kwa pembe zake. Sisi hiyo boliti tulikuwa tumeichukulia kama ya kushikilia tu.

Kwa hiyo gari la pili tulianza na kidole. Kila mpangilio uliopendekezwa ilibidi mwenye kuupendekeza asimame mbele ya mchoro afuate nguvu kutoka kwenye tairi hadi mahali inapoishia, na aseme kila boliti inavutwa, inasukumwa au inapindwa.

Wa kwanza alisimama jamaa wa Arua, yeye alitaka makifasoni, yaani saspensheni ya MacPherson, ya Toyota Starlet. Hoja yake ina uzito jamani, msiicheke. Mpangilio huu umepewa jina la Earle MacPherson, injinia wa Marekani aliyeupeleka Ford, na Ford Consul ya 1950 ni moja ya magari ya kwanza kuutumia. Leo uko kwenye magari madogo mengi sana unayoyaona Kampala, na ukienda soko la spea la Kisekka utapata shokapu, nakli, habu, breki, vyote vimeshafungwa pamoja, unabeba kwa boda unarudi gerejini. Amu (mkono) moja tu chini, na shokapu yenyewe inafanya kazi ya amu ya juu. Rahisi, imara, spea hazikosekani. Tatizo kidole kilipofika juu. Makifasoni inahitaji mahali pa kushika juu kabisa ya tairi, na gari dogo la mashindano pale juu hakuna kitu, ni hewa, pua yetu iko chini ya kimo cha tairi. Ungelazimika kujenga mnara wa mabomba kila upande kwa ajili ya shokapu tu, chuma juu, uzito juu. Na nakli ya Starlet ni nzito, imeundwa kubeba familia na mizigo.

Kuna jambo jingine la makifasoni, na hili niliomba nilieleze mwenyewe kwa sababu ndo moyo wa kuchagua saspensheni ya mashindano, ni kemba. Kemba ni vile tairi linavyolala ukiliangalia kutoka mbele, juu likiegemea ndani au nje. Gari likikata kona bodi inalala nje, na kama saspensheni haifanyi chochote, tairi linalala pamoja na bodi, linakanyaga kwa ukingo. Kalamu na karatasi, upana wa magurudumu m 1.2, nusu yake mm 600, bodi ikilala nyuzi 2 gurudumu la nje linapanda kama mm 21. Ukiwa na wishiboni mbili na ya juu ukaifanya fupi kuliko ya chini, gurudumu likipanda juu yake linavutwa ndani. Ukirefusha mistari ya wishiboni zote mbili kuelekea katikati ya gari inakutana mahali, na umbali wa mahali hapo kutoka kwenye gurudumu ndo unaamua linavutwa kiasi gani. Sisi tuliuweka mm 1500, kwa hiyo kila mm 25 za kupanda tairi linarudi ndani karibu nyuzi 1, na kwenye ile kona ya nyuzi 2 tunarudishiwa kama 0.8. Zinazobaki unazilipa mapema kwa kulaza tairi kidogo ndani gari likiwa limesimama. Kuna mtu aliuliza si tufupishe huo umbali turudishiwe zote? Hapana, maana ukifunga breki pua inashuka na magurudumu yote mawili ya mbele yanapanda, yanalala ndani pamoja, na pale unataka yasimame wima. Unachukua huku unapoteza kule. Makifasoni hiyo nafasi ya kuchagua inakupa ndogo sana.

Wishiboni mbili si kitu cha ajabu hapa kwetu pia. Taksi ya Hiace unayopanda kila asubuhi kutoka Ntinda, mbele ina wishiboni mbili na tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), nyuma ekseli nzima juu ya vyuma vya springi vilivyopangwa tabaka. Tumelala chini ya moja na tochi, dereva wa taksi ametusimamia anadhani tumepoteza simu.

Basi hapo wishiboni mbili ikapita, kila mtu akakubali. Ugomvi wenyewe ukabaki kwenye shokapu ikae wapi.

Mimi bado pushirodi. Nilisema kosa lilikuwa letu, mpangilio hauna hatia, tuweke roka kwenye makutano ya mabomba, tushike boliti pande mbili, kwisha. Na nilikuwa na haki kwa sehemu. Roka inakupa uhuru mkubwa, unachagua shokapu itembee kiasi gani gurudumu likipanda, unabadilisha kimo cha gari kwa kuzungusha kirodi, stebilaiza, ile fimbo inayounganisha kushoto na kulia ili bodi isilale sana, unaifunga hapo hapo. Dada wa umeme akataka pulirodi, kirodi kinavutwa kutoka wishiboni ya juu kwenda chini, shokapu inakaa chini sakafuni na uzito unashuka. Ni kweli, ila sakafuni kwetu kuna miguu ya dereva na pedali, na kila ukitaka kugusa shokapu unavua nusu gari.

Jamaa wa Mwanza, ambaye huwa haongei, akaenda akaleta boda yake ndani ya gereji. Akaonyesha nyuma, shokapu mbili, kila moja chini imeshika swingi amu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma) na juu imeshika fremu. Hakuna roka. Akaweka kidole kwenye tairi, akakipitisha, kikafika kwenye fremu kwa hatua tatu. "Hii inabeba watu watatu na gunia la mkaa mpaka Luwero," akasema, akakaa.

Nilikaa na hiyo picha usiku mzima. Shokapu moja kwa moja, chini kwenye wishiboni karibu kabisa na boljointi, juu kwenye makutano ya mabomba ya chesisi. Roka nne hazipo, beringi zake nane hazipo, virodi vinne na rodiendi zake nane (viungo vya ncha za virodi) hazipo. Kila beringi ina ulegevu wake hata kama ni mdogo, na ulegevu ukijumlishwa ndo ile hali dereva anageuza usukani na gari linafikiria kwanza. Mwaka wa kwanza tulinunua rodiendi za bei tuliyoiweza na baada ya mwezi zilikuwa zinagonga kama vikombe.

Hasara ipo, sikatai. Shokapu ikilala mshazari inatembea kidogo kuliko gurudumu, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu, na uhuru wa kubadilisha ni mdogo. Hapo tukaingia kwenye namba. Gari kilo 230, dereva 70, jumla 300. Mbele asilimia 45, yaani kilo 135, kila gurudumu 67.5. Toa gurudumu, breki, nakli, na nusu ya amu, kama kilo 12.5, inabaki kilo 55 juu ya springi. Tulitaka mbele iruke mara 2.5 kwa sekunde, na hapo unahitaji nyutoni (N) 13.6 kwa kila mm, ikipimwa kwenye gurudumu. Kama shokapu inatembea 0.6 ya mwendo wa gurudumu, hiyo 0.6 unaizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 0.36, alafu 13.6 gawanya 0.36, springi inatakiwa N 37.8 kwa mm. Ile kuzidisha mara mbili watu wengi wanaisahau! Springi inatoa nguvu kidogo kwenye gurudumu kwa sababu ya mkono wa nguvu, na pia inabanwa kidogo kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo unalipa mara mbili.

Shokapu tulitaka kutumia za boda, na springi zake tulizipima kwa magunia ya simenti. Unasimamisha springi kwenye bomba isianguke, unaweka ubao juu, gunia la kwanza la kilo 50, unapima urefu, unaweka la pili, unapima tena. Tofauti kati ya gunia la kwanza na la pili ndo ya kuaminika maana mwanzoni springi inajikalisha. Kwetu gunia la pili lilishusha mm 18, na kilo 50 ni kama N 490, kwa hiyo N 27.2 kwa mm. Tulihitaji 37.8. Fundi mmoja akasema kateni springi, na ni kweli ukikata mizunguko springi inakuwa ngumu, kutoka mizunguko 8 kwenda 6 unaongeza theluthi moja, lakini inakuwa fupi na mwisho wake haukai vizuri kwenye kikombe, tukaogopa. Tukageuza swali. Springi ni hii, N 27.2, je shokapu itembee kiasi gani ili gurudumu lipate 13.6? Ni nusu, kwa hiyo kipeuo cha pili cha nusu, 0.707. Tukasogeza kishikio cha chini kuelekea boljointi na tukaisimamisha shokapu zaidi, tukafika 0.7 kwenye mchoro. Gurudumu likitembea mm 50 shokapu inatembea 35, na ile ya boda inazimudu bila kugonga mwisho. Mafuta ndani tulibadilisha, tumeweka mazito zaidi, maana ya boda yamepangiwa mwendo mwingine kabisa, na kwa bahati shokapu tuliyopata ni ya kufunguka.

Kuna watu bado wanaamini saspensheni nzuri inazuia uzito kuhama kwenye kona. Haizuii. Kwenye duara la kupimia la Formula Student, lile la kipenyo cha ndani m 15.25 na nje m 21.25, ukimaliza mzunguko kwa sekunde 5.5 unavutwa nje kama 1.2 g, yaani mara 1.2 ya uzito wako. Gari la kilo 300, kitovu cha uzito m 0.3 kutoka chini, upana m 1.2, zidisha gawanya, kilo 90 zinahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, uwe na pushirodi, uwe na springi za dhahabu, ni zile zile kilo 90. Saspensheni inachoamua ni mbele ibebe ngapi na nyuma ibebe ngapi, na hapo ndo gari linakuwa la kusukuma pua nje au la kurusha mkia. Ndo maana nilikubali kuachilia pushirodi bila kinyongo, kile nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye kimo, upana, springi na stebilaiza.

Stelingi nigusie haraka. Tairodi, ile rodi inayogeuza gurudumu, lazima ilenge pale pale mistari ya wishiboni inapolenga, la sivyo gurudumu likipanda linajigeuza lenyewe. Tuliipima kwa kufunga kioo kidogo kwenye habu na kalamu ya leza inayomulika ukutani, springi imetolewa, mmoja anapandisha gurudumu kwa jeki mm 5 kwa mm 5 mwingine anaweka alama ukutani. Mara ya kwanza alama zilichora kama mundu. Tukashusha raki, chuma cha stelingi kinachosukuma tairodi, mm 6, zikawa karibu mstari mmoja.

Jumamosi iliyopita tulirudi Katwe na fremu, mbele imekamilika. Tukaweka jeki chini ya gurudumu, tukapandisha mm 50, shokapu ikatembea 34 badala ya 35, kwa hiyo 0.68, gurudumu linapata N 12.6 kwa mm na mbele inaruka mara 2.4 kwa sekunde. Nimekubali. Mzee akaegemea pua akabonyeza, macho kwenye bomba kama siku ile. Bomba kimya, shokapu inaingia inatoka. Akazunguka mpaka nyuma, ambako bado tuna wishiboni za mbao na kamba tu za kupimia, akaangalia mahali mnyororo utakapopita na mahali tulipopanga kishikio cha shokapu, akachukua chaki akaweka alama ya msalaba juu ya bomba letu, katikati kabisa, mbali na makutano.

Jumatatu tunalihamisha hilo bomba.